Manyoya ya Miguu ya Punda: Yapunguze Kabla Tope Halijaleta Kidonda

Kipeperushi cha ugani wa mifugo kwa wafugaji na familia zao, Bombambili, Songea



Punda akichechemea, wa kwanza kuumia baada yake ni mama na watoto. Madumu ya maji yanarudi kichwani, na gunia la kwenda mashineni linasubiri kijana mwenye nguvu apatikane. Kumpata punda mwingine nako si kazi ya mwezi mmoja. Punda jike hubeba mimba takribani miezi 12, huzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo huchukua miaka kadhaa kabla hajafaa kubeba mzigo. Punda uliye naye leo ndiye wa kutunza.

Wafugaji wengi humkagua punda mgongoni, pale mzigo unapokaa. Chini ya goti hawatazami. Wakati wa mvua, huko chini ndiko shida inakoanzia, tena chini ya manyoya ambako jicho halifiki. Kipeperushi hiki kinaeleza namna ya kupunguza manyoya ya sehemu ya chini ya miguu ili ngozi ikauke, uweze kuiona, na dawa iifikie. Ni kazi ya mkasi, muda mfupi na mtu wa kukusaidia kumshika. Ikifanywa vizuri, inazuia kidonda. Ikifanywa ovyo, inakianzisha.

Kwa nini manyoya ya miguuni yaleta shida

Manyoya ni nguo ya mnyama. Yanamkinga na baridi, jua, mikwaruzo na nzi. Lakini nguo iliyolowa ukiivaa siku tatu bila kuianika, ngozi yako itawasha na kuchubuka. Ndivyo ilivyo kwa punda.

Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Katika miezi hiyo punda hupita kwenye tope asubuhi na jioni, na usiku husimama kwenye zizi lenye mchanganyiko wa kinyesi na mkojo. Tope hushika manyoya ya nyuma ya kifundo na juu ya kwato, yakawa mafundo mafundo. Ndani ya mafundo hayo maji hayakauki. Ngozi hulainika, hupasuka, na vijidudu huingia.

Kijidudu kimoja kinachopenda hali hiyo kinaitwa Dermatophilus congolensis. Jina lake la pili limetoka Kongo, kwa sababu ugonjwa wake ulielezwa huko na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1915. Hushambulia ng'ombe, mbuzi, kondoo, farasi na punda. Ukiushika mguu wenye ugonjwa huu utahisi vigaga vigumu vilivyoshikamana na manyoya. Kigaga kikitoka, hutoka na kishungi cha manyoya, na chini yake ngozi ni nyekundu, mbichi, wakati mwingine na usaha. Binadamu naye anaweza kuupata kwenye ngozi akimshika mnyama mgonjwa bila kinga.

Manyoya hayo hayo huficha mambo mengine matatu: kupe, miba, na jeraha la kamba.

Farasi wenye manyoya hadi kwatoni

Uingereza wana farasi wakubwa wa kuvuta mizigo, aina ya Shire na Clydesdale. Miguu yao ina manyoya marefu yanayoanzia karibu na goti na kufunika kwato, kana kwamba wamevaa suruali pana. Wanaowafuga wanajua kwamba chini ya manyoya hayo hujificha unyevu na utitiri, farasi akawa anapigapiga miguu chini na kujikuna usiku kucha. Mara nyingi hulazimika kuyakata ndipo dawa iweze kuifikia ngozi.

Huku kusini mwa Tanzania farasi ni wachache mno. Mbung'o huwaletea nagana, na visubi huwaletea ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoua haraka. Punda anauvumilia ugonjwa huo wa pili kuliko farasi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kazi ya kubeba mizigo kubaki kwake.

Punda wetu hana manyoya marefu kama Shire, na kwa sababu hiyo tunadhani miguu yake haihitaji kuangaliwa. Lakini manyoya ya punda hayafukuzi maji vizuri kama ya farasi. Asili yake ni nchi kavu. Mvua ikimnyeshea analowa upesi hadi kwenye ngozi, na hakauki upesi. Kwato zake pia hunywa maji na kulainika. Kwa hiyo mvua zetu ni mtihani mkubwa kwake kuliko anavyoonyesha, maana punda huficha maumivu. Ukimwona amechechemea, ujue ameumia siku nyingi.

Wakati gani upunguze, wakati gani uache

Punguza manyoya ya miguu ikiwa:

- mvua zinakaribia na manyoya ya nyuma ya kifundo ni marefu kiasi cha kushika tope;
- manyoya yameshikamana kwa tope, kinyesi au mbegu za majani na hayachanuki;
- unahisi vigaga, joto au uvimbe, au punda anauvuta mguu ukimgusa;
- kuna jeraha linalohitaji kusafishwa.

Yaache ikiwa mguu ni mkavu, safi, na unaweza kuiona ngozi ukiyapanua manyoya kwa vidole. Yaache pia katika baridi ya Juni na Julai, isipokuwa kuna kidonda cha kutibu. Punda mwenye miguu safi hahitaji kunyolewa ili apendeze.

Ukiona punda ana manyoya marefu mwili mzima, hayanyonyoki hata joto likija, na anakonda, mkasi hautamsaidia. Huenda ana minyoo, njaa, meno mabovu au ugonjwa wa uzee. Huyo mwite mtaalamu amwangalie.

Vifaa

- Mkasi mkali wenye ncha butu. Ncha kali itamchoma akishtuka. Usitumie wembe wala kisu.
- Kitana cha meno mapana na brashi ngumu kiasi.
- Glavu. Kama huna, hakikisha mikono yako haina kidonda, na unawe kwa sabuni ukimaliza.
- Maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi, na kitambaa safi kikavu.

Mashine ya kunyolea inafaa kama unayo, ila punda aizoee sauti yake kwanza. Iwashe mbali naye, mpe majani, isogeze kidogo kidogo. Mkasi unatosha kabisa.

Namna ya kufanya, hatua kwa hatua

1. Chagua siku ya jua, asubuhi umande ukishakauka. Miguu iwe mikavu. Tope likiwa bichi, subiri likauke ulitoe kwa brashi. Kumwosha punda miguu kila jioni na kumwacha alale amelowa kunaongeza ugonjwa.

2. Mweke mahali tambarare, na punda mwenzake awe karibu. Punda huwa na rafiki; akitengwa naye hupata hofu na kupiga teke. Mtu mmoja amshike kwa kamba ya kichwani. Usimfunge miguu wala kumwangusha chini. Watoto wasikae nyuma yake.

3. Simama ubavuni, karibu na bega au paja, uso wako ukielekea mkiani. Weka mkono mgongoni, ushushe taratibu hadi chini ili ajue ulipo. Chuchumaa, usipige magoti wala kukaa, ili uweze kuondoka haraka.

4. Yapanue manyoya kwa vidole ukague kabla ya kukata. Tafuta kupe, miba, kamba iliyozama, vigaga.

5. Inua manyoya kwa kitana kuelekea juu, kisha kata yale yanayochomoza nje ya meno ya kitana. Mkasi ulale sambamba na mguu, usielekee kwenye ngozi. Acha manyoya ya urefu wa sentimita 1 hivi. Ngozi isibaki uchi, kwa sababu vishina vilivyobaki ndivyo vitakavyoikinga na majani makavu, jua na nzi.

6. Nyuma ya kifundo acha kishungi kidogo. Maji yanayoteremka mguuni hudondokea hapo badala ya kuingia kwenye mkunjo ulio juu ya kwato.

7. Kwenye fundo gumu la tope na manyoya, pitisha kitana kati ya fundo na ngozi, kisha kata juu ya kitana. Usilivute.

8. Malizia kwa kuinua kila mguu, ondoa tope na mawe chini ya ukwato, na unuse. Harufu ya kuoza ina maana ukwato umeanza kuharibika ndani.

Kuna vitu viwili usivikate. Upande wa ndani wa mguu wa mbele, juu ya goti, punda ana sugu jeusi la mviringo lisilo na manyoya. Na ndani ya kile kishungi cha nyuma ya kifundo kuna kijisugu kidogo kigumu. Vyote amezaliwa navyo, si ugonjwa.

Kama punda amechoka au amekasirika, fanya miguu miwili leo na miwili kesho.

Ukikuta vigaga au kidonda

Kata manyoya yaliyozunguka kidonda kwa upana wa vidole viwili, yawe mafupi zaidi kuliko kwingine. Chukua nusu lita ya maji yaliyochemshwa, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Maji yakiwa vuguvugu, lowesha vigaga hadi vilainike, kisha viondoe vile vinavyoachia vyenyewe. Vinavyong'ang'ania viache hadi kesho. Ukivibandua kwa nguvu unafungua kidonda kipya.

Vigaga na manyoya uliyokata choma moto au tupa chooni. Kijidudu hukaa hai ndani ya kigaga kikavu kwa muda mrefu, na mnyama mwingine akipita hapo anaweza kukichukua. Mkasi na kitana vioshe kwa sabuni na uvichemshe kabla ya kumkata punda mwingine.

Kisha kausha kwa kitambaa, gandamiza bila kusugua. Hatua hii ndiyo wengi wanairuka, nayo ndiyo inayoponya. Mkasi unafungua njia tu. Ukavu ndio dawa ya kwanza. Mtaalamu anaweza kukupa dawa ya kuua vijidudu ya kupaka na, ikibidi, sindano ya antibayotiki. Usijinunulie sindano dukani ukakisia kipimo.

Usipake oili chafu ya gari, mafuta ya taa, maji ya betri wala kinyesi. Oili inafungia unyevu ndani, inaunguza ngozi, na inamzuia mtaalamu kuona kidonda kilivyo.

Kupe: dawa ya ng'ombe yaweza kumuua punda

Hapa naomba usome mara mbili. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe zina kiambata kinachoitwa amitraz. Kwa ng'ombe inafanya kazi vizuri. Kwa punda na farasi ni hatari: hulegeza utumbo hadi chakula kikasimama tumboni, mnyama akavimbiwa na kufa. Baada ya kukata manyoya, ngozi iko wazi na dawa inaingia kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo usimwogeshe punda pamoja na ng'ombe kabla hujajua ni dawa gani iliyomo.

Soma kibandiko. Kama hakitaji punda au farasi, usitumie. Kama huwezi kukisoma, mpe mtoto anayesoma shule akusomee, au kilete kibandiko kwa mtaalamu. Kama kupe ni wachache, watoe kwa mkono: kamata kupe karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja, kisha mchome moto. Usimpasue kwa vidole.

Jeraha la kamba

Ukikata manyoya ukakuta mstari wa kidonda unaozunguka mguu, sababu ni kamba. Kamba ya nailoni au ya katani ikilowa hubana, na punda akivuta inakata kama msumeno. Vigaga utavitibu mwezi mzima, lakini kama kamba inarudi pale pale kila jioni, kidonda hakitapona.

Mfunge kwa kamba ya kichwani, au muweke zizini. Kama hakuna njia nyingine ila mguu, tumia mkanda mpana laini wa ngozi au kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa, ubadilishe mguu kila siku, na uutazame kila asubuhi. Mguu wenye kidonda usifungwe kabisa.

Pepopunda

Wazee walioupa ugonjwa huu jina la punda hawakukosea kumtaja. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi, na huingia mwilini kupitia kidonda, hasa kidonda kirefu chenye mdomo mdogo kama cha mwiba au msumari. Farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nao kwa urahisi zaidi. Mguu uliopasuka ngozi, ukiwa ndani ya tope la zizi, ni mlango wazi.

Dalili zake: punda anatembea mkakamavu kama ana miguu ya ubao, masikio yamesimama, mkia umeinuka kidogo, taya limekaza hawezi kula, na utando mweupe unafunika kona ya jicho. Anashtuka kwa sauti ndogo. Mweke mahali penye giza na kimya, na upige simu mara moja. Kuchelewa saa chache kunaweza kumpoteza.

Ipo chanjo ya pepopunda kwa punda. Muulize mtaalamu kabla ya mvua, na mwambie kila mara punda anapopata kidonda kirefu. Wewe mwenyewe ukijikata kwa mkasi uliogusa tope la zizi, osha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda zahanati ukaulizie chanjo yako.

Na ng'ombe je?

Kanuni ni ile ile. Kwa ng'ombe, punguza singa za ncha ya mkia bila kukata mkia wenyewe, na manyoya marefu ya ndani ya masikio, ili dawa ya kuogesha iwafikie kupe. Kupe wa masikioni ndiye anayeeneza ndigana kali, inayoua ndama wetu wengi. Kagua pia katikati ya kwato. Kupe huko hufanya kidonda kinachomchechemeza ng'ombe malishoni. Kwa ng'ombe wa maziwa, manyoya ya kiwele yakiwa mafupi hayashiki kinyesi, na maziwa yanatoka safi.

Baada ya kukata: mpe mahali pakavu

Mkasi hautasaidia kitu kama punda anarudi kusimama topeni usiku. Huhitaji banda la gharama. Chagua sehemu ya zizi iliyoinuka, chimba mfereji mdogo upande wa juu ili maji ya mvua yapite pembeni, na mwaga changarawe au mawe madogo pale wanapokusanyika sana, hasa mlangoni na kwenye chombo cha maji. Juu yake weka pumba za mpunga, mabua au majani makavu, na uyabadilishe yakilowa. Ezeka kipande kidogo kinachowatosha punda wako kusimama bila kunyeshewa. Hata saa chache za ukavu kila usiku zinaipa ngozi nafasi ya kupona.

Mgawie mtoto mmoja wa nyumbani kazi ya kutazama. Kila jioni, mzigo ukishushwa, mtu mzima apitishe mkono kwenye miguu yote minne na mtoto aangalie: kuna joto? kuna uvimbe? kuna kigaga? Ni kazi ya dakika mbili, na mtoto atakua akiijua.

Mwite mtaalamu wa mifugo ikiwa

- mguu umevimba kupanda juu ya kifundo, au una moto ukiugusa;
- punda hakanyagi, au anachechemea zaidi ya siku moja;
- kidonda ni kirefu, kinatoa usaha, au unaona kitu cheupe ndani;
- vigaga havipungui baada ya siku tano za kusafisha na kukausha, au vimetokea kwa wanyama kadhaa kwa pamoja;
- unaona dalili yoyote ya pepopunda;
- punda hajala siku nzima. Kwa punda, kutokula ni dharura hata kama mguu unaonekana mdogo kwa shida yake.

Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi, kwa kuwa idadi yao ilikuwa inapungua na familia zinazowategemea zinaumia. Uamuzi huo ni wa viongozi. Wa kwako ni wa jioni ya leo: shusha mzigo, inama, pitisha mkono chini ya goti. Ukikuta tope limeshikamana na manyoya, kesho jua likitoka chukua mkasi.

Mtaalamu wa mifugo wa kata yako yupo kwa ajili ya kukusaidia. Mara ya kwanza, mwombe mfanye pamoja.